Jina Nililolitaja Ndani ya Wimbo

Alida alinivalisha vidude vya masikioni, akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake, na nikajisikia nikiimba peke yangu. Gitaa halikuwapo, besi haikuwapo, ngoma nazo zimenyamazishwa. Ilibaki sauti tupu ya kijana wa miaka ishirini na mitatu, iliyorekodiwa ndani ya ghala lenye watu sita na maikrofoni mbili. "Muzee Rama, umeona? Mashine imekutoa mu watu," Alida alisema huku akicheka. Yeye ni fundi wa sauti, mama wa watoto wawili, na studio yake ni chumba cha nyuma ya nyumba yao hapa Bujumbura, kuta zote amezibandika magodoro ya zamani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza pumzi. Kwenye kaseti ya zamani pumzi zangu zilimezwa na besi, lakini sasa kila moja ilisikika wazi, na mimi nilijua ni baada ya pumzi ipi jina lile litakuja. Nikavua vile vidude kabla halijafika, nikasema naomba maji ya kunywa.

Kwa wasioujua muziki wetu, nieleze kidogo. Sisi tuliopiga rumba ya Kikongo kandokando ya ziwa tulikuwa na desturi ya kutupa mabanga, yaani kutaja majina ya watu ndani ya wimbo. Gitaa likishaanza kukimbia, mwimbaji anaachana na habari za mapenzi, anaanza kuita watu: mwenye duka fulani, dereva fulani, bwana harusi, shemeji yake bwana harusi. Aliyetuazima betri alitajwa. Aliyetupikia alitajwa. Ndiyo ilikuwa asante yetu, na mtu akishatajwa alitembea mjini wiki nzima kifua mbele. Wakati kampuni moja ya nje iliponitafuta ili nyimbo zetu za zamani za mji wa Rumonge zisafishwe na kutolewa upya, niliwaambia jamaa zangu kwamba nimekubali ili wajukuu wasikie muziki ulio safi. Uongo mtupu. Nilikubali kwa sababu Alida aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi mashine inaweza kutoa neno moja ndani ya wimbo, na lisiache hata alama. Ndani ya wimbo wetu wa "Generoza" kuna jina nililotaka litoke kabla sijafa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa vita, na vita ilikuwa imekaa nasi muda wa kutosha hata tukaanza kuipangia ratiba. Amri ya kutotoka nje ilianza jua likiwa bado juu, kwa hiyo harusi zilihamia mchana. Saa sita bibi harusi anatiririka jasho, saa nane watu wanakula haraka haraka, saa tisa wanacheza, saa kumi kila mwenye saa anaitazama. Sisi, Mawese Succès, tulikuwa orkestra pekee iliyobaki upande ule. Mazoezi tulifanyia katika ghala la mafuta ya mawese, katikati ya mapipa, na mwenye ghala alitajwa katika kila wimbo kwa wema huo. Sakafu ilinata. Ukisimama kwa muda, kiatu kilitoa mlio kila unapoinua mguu. Nguo zetu zote zilikuwa na madoa mekundu, na hadi leo nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, vidole vinataka kushika maikrofoni. Kiongozi wetu alikuwa Chef Wilondja, seremala kutoka Fizi ng'ambo ya ziwa, mpiga gitaa la solo, mtu mwembamba asiyeapa wala kupiga kelele. Mke wake alituletea ugali wa muhogo na sombe, yaani majani yake, ndani ya beseni moja la bati, tukakaa kwenye magunia, mikono sita ikaingia. Habari za nchi nilizipatia kwenye beseni lile. Mmoja anasema milimani wameonekana watu. Mwingine anasema Bugarama wamekimbia wote, zahanati imebaki milango wazi. Chef anasema, "Tukule kwanza." Tunakula, tunanawa, tunawasha amplifaya.

Kiangazi cha mwaka huo tulialikwa harusi ya mchana huko Magara, kwa wavuvi. Koo lilikuwa limeanza kunisumbua tangu Rumonge lakini niliimba hivyo hivyo, maana nilikuwa na umri ule ambao mtu anadhani mwili ni punda wake. Saa kumi kasoro, milio ya bunduki ikasikika upande wa barabara, bibi harusi akaingizwa ndani, na barabara ikafungwa kusini na kaskazini. Tukakwama Magara. Siku ya pili sikuweza kumeza hata mate. Nilikaa nimeinamia kopo, yanadondoka yenyewe, na shingo ilikuwa imevimba upande mmoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, pale mchangani, jina lake Consolata, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alituletea ugali na kitoweo. Akaniona sili. Akaweka sahani chini, akanigusa chini ya taya kwa vidole viwili, akaondoka. Aliporudi alikuwa na mume wake, mtu mfupi wa makamo, miguu imejaa magamba ya samaki. Pale pwani walimwita Yohana.

"Fungua mudomo," aliniambia. Alinigeuza nitazame mlangoni, mwanga uingie. "Fungua zaidi. Iko usaha huku nyuma. Ikipasuka wakati umelala, itakuzamisha."

"Na wewe ni nani?" Chef Wilondja alimuuliza.

"Mi njo mutu ya ndagala. Muko na wembe mupya?"

Wembe ulipatikana. Akauchemsha kwenye sufuria ya chai pamoja na kijiko, akaufunga uzi hadi ikabaki ncha ndogo tu ya kukatia. Akanikalisha kitini mlangoni, jua la saa tatu likiniingia mdomoni, Chef akanishika kichwa kwa nyuma. Sikumbuki maumivu sana. Nakumbuka mikono yake. Ilikuwa inanuka samaki na sabuni, na haikutetemeka hata kidogo, na nilipotapika ule uchafu wote aliniinamisha haraka na kunishika paji la uso kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara elfu. Mtu wa ndagala gani huyu? Baada ya saa moja nilikunywa maji. Nililia kwa furaha, na siwezi kujidai kwamba nililia kwa sababu nyingine.

Walinihifadhi nyumbani kwao mpaka barabara ifunguliwe. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vilivyotenganishwa na mkeka, na katika chumba cha mbele kulikuwa na magunia ya ndagala, ndoo mbili na kitanda cha kamba nilicholalia mimi. Consolata alininywesha uji wa mahindi kwa kikombe cha plastiki. Alasiri moja walidhani nimelala, nikawasikia nyuma ya mkeka.

"Salva, umeona sasa? Umewaonyesha mikono yako."

"Ningefanya nini, Conso? Mutu anakufa mbele yangu."

"Na weye ukifa? Uyu ni muimbaji. Kazi yake ni mudomo."

"Mudomo yenyewe nimeipasua mimi," alijibu, na wakacheka wote wawili, kicheko cha kubana, mtoto asiamke.

Kesho yake asubuhi alikuja kunikagua koo, na alipomaliza alisema kwa sauti ya chini kwamba anajua nimesikia. Jina lake la kweli lilikuwa Salvator. Alikuwa muuguzi wa zahanati kule Bugarama, na watu wa kule walimwita muganga. Waliletwa majeruhi wa upande huu, akawafunga vidonda. Wakaletwa wa upande ule, akawafunga na wao. "Sasa pande zote mbili wananitafuta," alisema, bila hasira, kama anaeleza ugonjwa wa mtu mwingine. "Ukifika Rumonge, mi haukuniona. Hapa iko Yohana, na Yohana anaanika samaki. Umesikia, mudogo wangu?" Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nikamuuliza nitamshukuru vipi. "Imba tu," alisema.

Na kiapo changu nilikitunza. Sikumwambia mama yangu, sikumwambia rafiki, hata Chef Wilondja, aliyenishika kichwa mwenyewe, sikumwambia yule mtu ni nani. Wiki chache baadaye Chef akaazima redio-kaseti kubwa ya kurekodia, tukatundika magunia ukutani, tukafukuza kuku uani, na mchana mmoja ambao umeme ulikuwa umerudi tukarekodi nyimbo nne. "Generoza" ilikuwa ya mwisho. Sijui nisemeje. Koo lilikuwa limepona na sauti ilikuja kutoka mahali ambapo haijawahi kutoka. Chef alilitazama gitaa lake likikimbia kana kwamba si yeye anayelipiga. Nikafumba macho, nikaanza kuita. Nikamwita mwenye ghala. Nikamwita mke wa Chef na sombe yake. Nikamwita dereva aliyetuleta kutoka Magara. Na baada ya pumzi moja, shukrani yote niliyokuwa nimeifungia kifuani ikapanda: "Muganga Salvator wa Magara! Koo hili ni lako!"

Tulipoisikiliza, watu waliruka. Mpiga besi alinikumbatia hadi akanipaka mawese shati zima. Chef peke yake alikuwa ameinamisha kichwa.

"Uyu Salvator ni nani?"

"Mutu tu. Nimemutunga."

"Magara kuko muganga?"

"Chef, si nimekuambia nimemutunga?"

Alinitazama kidogo. "Turudilie? Kaseti iko na nafasi."

Hapo ndipo mwaka wangu ulipo, katika swali hilo. Kaseti ilikuwa na nafasi, umeme ulikuwapo, vidole vya watu havijachoka. Ningesema ndiyo, na mara ya pili nisingelitaja. Lakini nilikuwa nimejisikia ninavyoimba, na nilijua sitaimba hivyo tena, na kweli sijaimba hivyo tena. Nikajiambia majina ya kwenye nyimbo hakuna anayeyasikiliza. Nikasema, "Hapana, Chef. Iko sawa." Nasema wazi hapa ili mtu asije akaniombolezea kwamba niliteleza. Niliipenda ile sauti kuliko mtu aliyeiokoa. Tukazima mashine, tukaruhusu kuku warudi.

Kaseti ilinakiliwa na nakala zikanakiliwa, na kabla mvua hazijaanza "Generoza" ilikuwa inalia ndani ya kila basi dogo kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac. Nilitembea nayo kifua mbele kama wale tuliokuwa tukiwataja. Kisha siku moja sokoni mwanamke muuza samaki wa mukeke aliniita. "Kaka Rama, uyo muganga wako wa Magara anakaa upande gani? Mutoto yangu iko na homa wiki ya pili." Nilimwambia ni mtu wa wimbo tu, hayupo. Akanitazama kwa huruma, akidhani nina wivu wa kumficha. "Jirani yangu amefika kwake," alisema. "Iko kwa mama mumoja wa ndagala. Amemudunga mutoto shindano, mutoto amepona. Amekatala hata zawadi." Nilisimama pale na samaki mkononi. Nilielewa yote hapo hapo. Wagonjwa walikuwa wameusikia wimbo. Zahanati zilikuwa zimefungwa, na mimi nilikuwa nimewatangazia watu wa barabara nzima kwamba kuna muuguzi na mahali alipo, na yeye, mtu ambaye hakuweza kuniacha mimi nife, asingeweza kumfukuza mama mwenye mtoto wa homa.

Magara si mbali na Rumonge. Ningepanda basi asubuhi, ningemwambia ahame, ningerudi kabla ya amri ya kutotoka nje. Nilijiambia barabara ni mbaya. Wiki ile barabara ilikuwa wazi, najua, kwa sababu tulipita juu yake kwenda kupiga harusini. Basi letu lilipita Magara, nikainama kama ninayefunga kamba za viatu.

Habari nilizipata mgahawani, mchana. Nilikuwa na ugali na mukeke wa kukaanga mbele yangu. Nyuma yangu walikaa madereva wawili, wanaongea kama watu wanavyoongea hali ya barabara.

"Walimutoa saa ine ya asubuhi, watu wanaona. Alikuwa anamudunga mutoto shindano."

"Walimutoa nani?"

"Wenye bunduki. Unataka nikuambie wa wapi? Mi najua?"

"Na mwili?"

"Haikuonekana. Ziwa iko pale."

Nilikula. Kila ninapojaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu, nakumbuka sahani ile. Nilimgeuza samaki, nikala upande wa pili, nikanyonya mifupa, nikafuta mafuta kwa tonge la mwisho. Mama mwenye mgahawa alipokuja kuchukua sahani alisema leo nimekula vizuri, mpaka samaki amebaki mifupa. Nikamjibu murakoze, yaani asante, nikalipa.

Siku tatu au nne baadaye nilimwona Consolata pale mabasi yanaposimama Rumonge. Alikuwa na furushi moja na ndoo, mtoto mgongoni, anangoja basi la Nyanza-Lac, njia ya watu waliokuwa wakikimbilia Tanzania. Nilijificha nyuma ya mapipa ya mawese yaliyokuwa yanapakiwa. Kijana mkubwa mwenye jina mjini, nimechuchumaa nyuma ya pipa. Basi likaja, na dereva, kwa heshima ya mji wetu, akaongeza sauti. Ilikuwa "Generoza", na gitaa la Chef lilikuwa limeshaanza kukimbia.

"Chauffeur, zima iyo," Consolata alisema.

"Mama, iyi njo ngoma ya hapa kwetu Rumonge!"

Alimtoa mtoto mgongoni, akampakata, akamfunika sikio kwa kiganja, akalibana sikio la pili kifuani mwake. Alikaa hivyo mpaka jina lilipokuja na kupita. Basi likaondoka. Mimi nilibaki nimechuchumaa mpaka wapakiaji waliponiuliza kama naumwa.

Mvua zilipoanza nilimwambia Chef Wilondja kwamba sitataja tena jina la mtu katika wimbo. Aliniuliza kwa nini, nikaanza kukunja waya wa maikrofoni, akaniacha. Mwaka haukuisha, orkestra ikavunjika. Mpiga besi alikwenda kambini, Chef alirudi ng'ambo na akafia huko miaka mingi baadaye, swali lake likiwa bado mdomoni mwake kwa jinsi ninavyomjua. Niliendelea kuimba, sikuwa na kazi nyingine. Kwa karibu miaka thelathini nimeimba harusini bila kumtaja hata bwana harusi, na watu husema Mzee Rama ana maringo.

Kwa hiyo asubuhi ile kwa Alida, nilipomaliza kunywa maji, nilimwambia atoe sentensi moja: ile ya muganga. Hakuuliza sana. Aliitafuta, akaifunika kwa rangi kwenye kioo cha kompyuta, akaifuta, gitaa likapita juu ya pengo bila kujikwaa. Niliisikia mara mbili. Nilidhani nitapumua vizuri, lakini sikuona tofauti yoyote. Alida akasema kuna mtu amemwandikia. Alikuwa ameweka kipande cha wimbo kwenye simu ili watu wajue unarudi, na mwanamke mmoja mwalimu aliomba aje kuusikiliza wote. Atafika baada ya saa sita.

Jina lake Espérance. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akaniamkia kwa mikono miwili na kunipa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. "Hizi ni zako, muzee. Ni ndagala za Magara. Nilipita kule kwanza." Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alisema mama yake alifariki kiangazi kilichopita, na kwamba mama huyo hakupenda kuongea habari za baba. Kitu kimoja tu: wimbo wetu ukipigwa redioni, mama alikuwa anainuka na kutoka nje. Siku moja, wakiwa bado kambini Tanzania, yeye akiwa mtoto wa shule, aliusikia kwa jirani mpaka mwisho. "Nikasikia jina ya baba. Nikakimbia kumuuliza mama: uyu ni baba yetu? Akasema, ni yeye. Basi, hakuongeza kitu." Alinyoosha sketi yake magotini. "Picha yake hatuna. Kaburi hatuna. Dunia nzima, mutu anasema jina yake ni pale tu, mu wimbo yako. Niliposikia munausafisha upya, nikasema niende nimuombe muzee, ile jina isitoke. Na nimushukuru. Mulikuwa rafiki?"

Alida alinitazama. Kwenye kioo nyuma yake pengo lilikuwa bado linaonekana, mstari mweupe katikati ya mawimbi. Neno moja, ndiyo, lingetosha. Alida angelirudisha jina bila kusema kitu, mimi ningekwenda nyumbani na ndagala, na mtoto wa Salvator angekuwa na rafiki wa baba yake. Nilitaka kuanza kwa kumwita mwanangu, mdomo ukakataa. Nikamwambia. Nilimwambia habari za koo na wembe, na mazungumzo nyuma ya mkeka, na zahanati ya Bugarama, na kiapo. Nilimwambia Chef aliniuliza kama turudie, na mimi nikasema hapana. Nikamwambia habari za wagonjwa, na kamba za viatu, na samaki niliyemmaliza. Nilipofika kwenye lile basi na kile kiganja cha mama yake, aliinua mkono akashika sikio lake mwenyewe, nadhani bila kujua. Mwisho nikamwambia kwamba jina tayari limetoka, nimelitoa asubuhi hii.

Aliinuka akaenda uani. Tulimwona dirishani amesimama peku karibu na kamba ya nguo, ametugeuzia mgongo. Alida aligeuza kiti chake. "Na mimi ukanifutisha," alisema taratibu. Muda ulipita mrefu kiasi cha sisi kuamini atavaa viatu na kuondoka. Aliporudi macho yalikuwa makavu na hakukaa.

"Irudishe," alimwambia Alida. "Niisikie."

Alida akairudisha. Sauti ya yule kijana ikajaa chumba, na jina likaja kwa lile koo lake lisilo na aibu.

"Tena."

Ikapigwa tena. Nilitazama sakafu.

"Jina ibakie," Espérance alisema. "Magara itoke. Baba hakukuwa mutu ya Magara. Pale alijificha tu. Alikuwa muganga wa Bugarama." Alizungumza na Alida, mimi hakunitazama. "Weka Bugarama. Yeye aimbe."

Alida alinisogezea maikrofoni. Sikuwa nimeita jina la mtu tangu mwaka ule, na lile lilikuwa hata si jina la mtu, lilikuwa neno moja la mahali. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili nilikohoa. Mara ya tatu nikafumba macho, nikangoja ile pumzi yangu ya ujanani ipite masikioni, nikasema, "wa Bugarama", kwa sauti ya mzee, imepasuka katikati. Alida alituwekea tusikilize. Kijana anaita Muganga Salvator, mzee anasema wa Bugarama, kijana anarudi na kumwambia koo hili ni lako. Alida alisema mashine inaweza kuilainisha, ifanane na ile ya zamani, mtu asijue.

"Iache hivyo hivyo," Espérance alisema.

Alivaa viatu vyake mlangoni. Akamshukuru Alida kwa Kirundi, akamtakia amahoro, yaani amani, kisha akarudi hatua mbili ndani, akauchukua ule mfuko wa ndagala pale mbele yangu, akatoka nao.